LNER na Njia Kuu ya Pwani ya Mashariki ya Uingereza: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Abiria anayesimama King's Cross jijini London na kuona herufi LNER ubavuni mwa treni iendayo Edinburgh ana kila sababu ya kuamini kwamba anaitazama kampuni kongwe. Herufi hizo zilikuwa za London and North Eastern Railway, iliyoanza kazi mwaka 1923 baada ya sheria ya mwaka 1921 kuziunganisha kampuni nyingi za reli za Uingereza ziwe nne kubwa. Hiyo ndiyo iliyounda Mallard, kichwa cha treni cha mvuke ambacho tarehe 3 Julai 1938 kilifikia kilomita 203 kwa saa, rekodi ambayo hakuna kichwa kingine cha mvuke kilichoivunja hadi leo. Lakini kampuni hiyo ilikoma reli zilipotaifishwa tarehe 1 Januari 1948. LNER ya sasa ilianza tarehe 24 Juni 2018, ni mali ya serikali, na hata jina lake limepungukiwa neno moja, kwa kuwa huandikwa London North Eastern Railway. Baina ya hizo mbili kuna miaka 70 iliyojaa majina mengine, na kilichorithiwa ni sifa ya jina na njia yenyewe, yaani Njia Kuu ya Pwani ya Mashariki itokayo London hadi Edinburgh.

Jina la Flying Scotsman nalo huchanganywa. Wengi hudhani ni kile kichwa cha mvuke kilichotoka karakana ya Doncaster mwaka 1923 kwa usanifu wa Nigel Gresley, na ambacho mwaka 1934 kilithibitishwa rasmi kufikia maili 100 kwa saa, yaani kilomita 161. Kwa kweli ilitangulia safari: treni iliyoanza mwaka 1862 kuondoka London na Edinburgh saa 4 asubuhi, ikapewa jina hilo rasmi mwaka 1924. Kichwa ndicho kilichoitwa kwa jina la safari.

Dhana iliyoenea zaidi, na ambayo ndiyo chanzo cha nyingine nyingi, ni kwamba kampuni ambayo jina lake limeandikwa kwenye mabehewa ndiyo mwenye treni, reli na stesheni. Haikuwa hivyo tangu Sheria ya Reli ya mwaka 1993 ilipoligawa shirika la taifa, British Rail, vipande vipande. Reli, madaraja na taa za ishara zilikwenda kwa kampuni ya Railtrack. Mabehewa na vichwa vya treni viliuzwa kwa kampuni za kukodisha. Kampuni za abiria zikabaki na mkataba wa muda wa kuendesha safari. Treni za Azuma zinazotumiwa na LNER tangu Mei 2019 zilitengenezwa na Hitachi, ambayo pia huzihudumia katika karakana zake, na LNER huzilipia kama mpangaji anavyolipia nyumba. Mei 2021, nyufa zilipogunduliwa kwenye treni za aina hiyo na nyingi zikaondolewa njiani kwa ukaguzi, abiria waliilaumu kampuni iliyowauzia tiketi, ilhali si yeye aliyezitengeneza wala anayezimiliki.

Mgawanyiko huo ulionyesha hatari yake tarehe 17 Oktoba 2000, treni ya GNER, kampuni iliyokuwa na mkataba wa abiria katika njia hii wakati huo, ilipokuwa ikitoka King's Cross kwenda Leeds na kuacha njia karibu na Hatfield na watu 4 wakafariki. Dereva hakuwa na kosa, wala treni haikuwa mbovu. Reli ilipasuka kwa sababu ya nyufa ndogondogo zilizosababishwa na uchovu wa chuma, nyufa ambazo zilikwisha kujulikana kabla ya ajali. Reli ilikuwa ya Railtrack, na matengenezo yake yalikuwa mikononi mwa mkandarasi mwingine. Baada ya hapo mwendo ulipunguzwa katika mamia ya maeneo nchini, gharama zikaielemea Railtrack, na mwaka 2002 miundombinu ikahamia kwa Network Rail, shirika lisilogawa faida kwa wanahisa. Ninalitaja tukio hili kwa kirefu kwa sababu bado husimuliwa kama ajali ya GNER, na kwa waliokuwa wakiendesha treni ile usemi huo si haki.

Hapa tunafika kwenye swali ambalo wengi hulijibu kwa haraka: kwa nini kampuni tatu binafsi zilishindwa katika njia hii ya kilomita 632, mojawapo ya njia zenye abiria na mapato mengi zaidi Uingereza? Jibu la kawaida ni kwamba huduma zao zilikuwa mbaya. Kumbukumbu hazisemi hivyo. GNER, iliyomilikiwa na kampuni ya Sea Containers na iliyoanza Aprili 1996, ilisifiwa kwa mabehewa yake ya rangi ya buluu iliyokolea na kwa mgahawa wake uliopika chakula ndani ya treni. Kilichoiangusha ni zabuni. Mwaka 2005 iliahidi kuilipa serikali pauni bilioni 1.3 katika miaka 10, hesabu iliyosimama juu ya matarajio kwamba mapato yangepanda mwaka hadi mwaka. Mapato hayakupanda kwa kasi hiyo, mashambulizi ya mabomu ya London ya Julai 2005 yalipunguza wasafiri, na kampuni mama ikaomba ulinzi wa mahakama ya Marekani dhidi ya wadai wake mwaka 2006.

Mtu angetarajia anayefuata ajifunze. National Express ilichukua njia Desemba 2007 kwa ahadi ya pauni bilioni 1.4 katika muda mfupi zaidi, mdororo wa uchumi wa mwaka 2008 ukaikuta, na Novemba 2009 serikali ikaichukua kazi. Kisha, Machi 2015, ikaja Virgin Trains East Coast. Jina lilikuwa la Virgin, lakini asilimia 90 ya hisa zilikuwa za kampuni ya uchukuzi ya Stagecoach. Ahadi yao ilikuwa pauni bilioni 3.3 hadi mwaka 2023. Mkataba haukufika hata nusu ya muda wake. Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Chris Grayling, alikiri bungeni mwaka 2018 kwamba Stagecoach ilikosea hesabu zake. Kwa maoni yangu, lawama haiwezi kuishia kwa kampuni. Mfumo uliompa ushindi mwenye ahadi kubwa kuliko wote ulikuwa ukialika ahadi zisizotekelezeka, na waliozikubali walikuwa maofisa wa serikali. Msomaji wa Tanzania atakumbuka kwamba ubia wa Kampuni ya Reli Tanzania na RITES ya India, ulioanza mwaka 2007, nao ulivunjika mwaka 2011 na reli ikarudi serikalini, ingawa sababu zake zilikuwa nyingine.

Wako pia wanaosema kwamba serikali ikishika usukani, njia hiyo hugeuka mzigo kwa mlipa kodi. Kati ya mwaka 2009 na 2015 njia iliendeshwa na kampuni ya serikali iliyoitwa East Coast, nayo ilipeleka Hazina zaidi ya pauni bilioni 1. Wala mabadiliko hayo hayakumaanisha watu wapya kazini, kwa kuwa sheria ya ajira huwahamisha wafanyakazi kwa mwajiri mpya na haki zao. Dereva aliyeajiriwa GNER angeweza kuvaa sare za kampuni nne zilizofuata bila kubadilisha kituo cha kazi. Hata treni za umeme ambazo GNER ilijivunia ziliagizwa na British Rail, iliyokamilisha kuweka umeme hadi Edinburgh mwaka 1991.

Umiliki wa serikali haujaiondoa biashara binafsi pia. Hull Trains, Grand Central na, tangu Oktoba 2021, Lumo huendesha treni zao katika reli hizohizo bila mkataba wa serikali na kwa hasara au faida yao wenyewe.

Limebaki suala la nauli, na hapa matumaini huzidi ukweli. Tangu sheria ya mwaka 2024 ilipoagiza kampuni za abiria zirudi serikalini kadiri mikataba yao inavyokwisha, wengi wametarajia tiketi nafuu. LNER ni ya serikali tangu mwaka 2018, na tiketi yake inayonunuliwa siku ya safari bado huwa ghali sana kuliko iliyonunuliwa wiki kadhaa kabla. Februari 2024, katika safari za London kwenda Newcastle, Berwick na Edinburgh, iliondoa kwa majaribio tiketi zilizomruhusu abiria kupanda treni yoyote nje ya saa za msongamano. Badala yake iliweka tiketi inayomfungia treni moja, pamoja na zile zinazoondoka ndani ya dakika 70 kabla au baada yake.