Mafuta ya mgando hayamfanyi mtu mweusi, na mengine ninayojibu kaunta kila siku

Jamani naomba niliandike hili nimalizane nalo maana nimechoka kulijibu kwa mdomo. Nna famasi ya mtaani hapa Dar, na rafu ninayoipenda kuliko zote ni ile ya chini kabisa karibu na pamba na spiriti: mafuta ya mgando, glisirini, kalamini, tyubu za benzoili peroksaidi za chunusi, krimu ya yurea ya magaga. Vitu vya bei ndogo, vinafanya kazi, havina matangazo. Sasa anakuja dada, uso umepauka, midomo imechanika, anataka "kitu cha kulainisha", namtolea kopo la mafuta ya mgando, anarudi nyuma kabisa. "Aa dokta, hayo si yananifanya mweusi?"

Hayakufanyi mweusi. Hayajawahi kumfanya mtu mweusi.

Mle ndani ni petrolatamu, basi. Inatokana na mafuta ghafi ya ardhini, yanasafishwa. Robert Chesebrough wa Marekani alipata hataza yake mwaka 1872 akayapa jina la Vaseline, na inasemekana mzee alikuwa anakula kijiko kila siku, akafa mwaka 1933 ana miaka 96 (nyie msile). Hakuna kitu mle kinachoiambia ngozi itengeneze melanini, ile inayoipa ngozi rangi yake. Kazi yake ni moja tu, kukaa juu ya ngozi kuzuia maji yasitoke, na kwa kazi hiyo hakuna krimu ya laki mbili inayoyashinda, petrolatamu safi inapunguza upotevu wa maji kwa asilimia 98 hivi. Hiyo krimu ya laki mbili yenyewe ukisoma nyuma ya boksi mara nyingi utaikuta petrolatamu imo.

Sasa mbona ukijipaka unajiona umekolea? Ngozi kavu ina vigamba vidogo vidogo vimenyanyuka, mwanga ukipiga pale unatawanyika, ndo ule mpauko wa kijivu unaouona. Ukipaka mafuta zile nafasi zinajaa, mwanga hautawanyiki tena, unaiona rangi yako. Yaani huo weusi ulikuwa nao toka unaamka, ulifunikwa na mpauko. Hauniamini? Paka kwenye muundi mmoja, mwingine uache, kaa hivyo hadi jioni, alafu futa kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, subiri pakauke. Miguu yote miwili inapauka sawasawa. Rangi iliyotengenezwa na melanini haiondoki na kitambaa.

Kuna sababu ya pili na hii ndo inanikera zaidi. Mtu anakwambia "dokta mie nilitumia kabisa, ndani ya mwezi nikawa mweusi tii". Ukimuuliza kabla ya hapo alikuwa anapaka nini, anaanza kuangalia simu. Ukimbana kidogo anasema kuna krimu alichanganyiwa na dada mmoja. Mkorogo, sema tu mkorogo, hatupigani. Mle mnakuwa na haidrokwinoni inayozuia ngozi kutengeneza rangi, au zebaki inayofanya hivyohivyo, na mara nyingi klobetasoli, ambayo ni katika steroidi kali kuliko zote za kupaka, sisi tukiitoa tunaitoa kwa cheti, kwa muda mfupi, na usoni hatutaki kuisikia. Ukiacha hivyo vitu rangi yako inarudi, na mara nyingine inarudi kwa mabaka. Ngozi wakati huo imekuwa nyembamba, kavu, inawasha, kwa hiyo mtu anakimbilia mafuta ya mgando kujituliza. Rangi ikirudi lawama kwa nani? Kwa mafuta ya mgando. Masikini yamekutwa eneo la tukio tu.

Na huyo huyo anayeogopa kopo la buku mbili tatu alikuwa anatoa elfu 30, elfu 50, kwa kopo jeupe lisilo na lebo, halina jina la kiwanda, halina tarehe, limeandikwa "usiku" na "mchana" kwa kalamu ya maka. Haidrokwinoni na zebaki kwenye vipodozi ni marufuku hapa kwetu, na tangu 2019 TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, ilipogeuzwa TMDA ya dawa na vifaa tiba, kazi ya kusimamia vipodozi ilikwenda TBS, shirika la viwango, lakini kopo lililokorogwa chumbani kwa mtu TBS watalionea wapi? Madhara mnayaona mtaani, mashavu yenye mishipa inayoonekana, chunusi ndogondogo zisizoisha, vifundo vya vidole vyeusi mkono mweupe. Haidrokwinoni ikitumika miaka inaweza kuacha mabaka ya bluu-nyeusi kwenye mashavu ambayo kuyatoa ni kazi kweli kweli. Zebaki inakwenda mpaka kwenye figo. Kama unatumia sa hivi na unataka kuacha, usiache ghafla peke yako ukafungiwa ndani na uso unaowaka moto, nenda kliniki ya ngozi wakuelekeze namna ya kushuka taratibu.

Kitu cha tatu ni jua. Mtu anajipaka mafuta, anapanda boda saa sita, anarudi amekolea, anasema mafuta "yamekaangwa". Hakuna kilichokaangwa, jua ndo limefanya kazi yake na mafuta ya mgando hayana kinga ya jua hata kidogo. Hilo ni la sanskrini, krimu ya kukinga jua, nakuja.

Nikubali pale panapostahili: kwa uso wenye mafuta, Dar, mwezi wa pili, kujipaka usoni asubuhi ni kujitesa, utatoka jasho na vipele vya joto juu. Petrolatamu iliyosafishwa haizibi vinyweleo, ila uzito wake ukiunganisha na joto letu haupendezi. Tumia usiku. Oga, usijifute mpaka ukauke kabisa, ngozi ikiwa bado na unyevu chukua kiasi cha punje ya mahindi, sugua viganjani mpaka iwe laini, alafu bandika usoni kwa kukandamiza, usipake kama unapaka rangi ukuta. Midomo, kona za pua, viwiko, magaga, huko weka ya kutosha. Magaga yakiwa mazito tanguliza yurea asilimia 10, mafuta juu yake, soksi, lala. Kidonda kidogo kilichosafishwa vizuri nacho kikifunikwa na mafuta ya mgando kinapona vizuri kuliko kile unachokiacha kikauke gamba alafu ulibandue kwa kucha. Chukua yale yasiyo na harufu, yale ya pinki yenye manukato ya mtoto ndo yanayowawasha wengi alafu mnasema mafuta yamewakataa. Na ukiona chunusi zimejipanga kwenye paji la uso tu, chunguza mafuta ya nywele kabla hujalaumu ya uso.

Walioko Makete, Njombe, Arusha kipindi cha baridi nyie hata msinisikilize kuhusu usiku, pakeni mchana kutwa. Glisirini nayo ni ya bei ndogo na nzuri sana ila ukikaa kwenye hewa kavu usiipake tupu, ichanganye na maji kisha funika na mafuta, maana inavuta maji na ikiyakosa hewani inayavuta kwenye ngozi yako.

Haya, sanskrini. "Mie mweusi sihitaji." Melanini ya ngozi nyeusi inakukinga sawa na SPF 13 hivi (SPF ni ile namba ya kinga ya jua kwenye kopo), ni kweli na tushukuru, inatupunguzia sana kuungua na saratani ya ngozi. Lakini wewe hukuja kwangu kwa saratani, umekuja kwa madoa. Doa la chunusi lisilokingwa na jua linakaa miezi, na yale mabaka ya mashavuni ya wakati wa ujauzito hata mwanga wa kawaida unayachochea, ndo maana kwa hayo nashauri sanskrini yenye rangi, ile ina oksaidi za chuma zinazozuia mwanga huo. Unanunua seramu tatu za madoa alafu unatembea juani bila kitu, unachota maji kwa pakacha. SPF 30 inatosha, inazuia asilimia 97 ya UVB, ile miale ya jua inayounguza, 50 inazuia 98, kwa hiyo usilipe mara mbili kwa ajili ya namba kubwa. Lipia wingi, maana mnajipaka kidogo mno, uso na shingo ni mistari miwili kwenye vidole viwili. Kwa wenye ualbino hili si suala la madoa, ni uhai, na pale hospitali ya KCMC Moshi inatengenezwa Kilisun kwa ajili yao hasa. Mwenye mtoto aulize kliniki ya karibu.

"Inachoma, ndo inafanya kazi." Hapana, inachoma kwa sababu inakuunguza. Benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 imeshalinganishwa na ya 10 na kwenye kupunguza vipele zinakwenda sawa, tofauti ni kwamba ya 10 inakubandua uso. Na ngozi yetu ikichubuka inaacha doa jeusi, kwa hiyo umetibu kipele umenunua alama. Chukua ndogo, paka nyembamba usiku, na foronya yako iwe nyeupe maana inapausha vitambaa, watu wamenirudia na kanga zenye mabaka wanataka niwalipe. Limao usoni, jamani, limao na jua vinaunguza mpaka malengelenge. Dawa ya meno ni ya meno.

"Sabuni ya dawa ndo inamaliza chunusi." Chunusi si uchafu, ungekuwa uchafu wangepona wale wanaonawa mara sita kwa siku na ndo haohao wapo kwenye foleni yangu. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliondoa viambato 19 kwenye sabuni za kuua bakteria, traiklosani ikiwemo, kwa sababu watengenezaji walishindwa kuonyesha kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji. Sabuni za kipande nyingi, na ya magadi ndo usiseme, zina ualikali mkubwa kwa uso. Nawa mara mbili kwa siku, sabuni laini isiyo na manukato, kwa vidole. Dodoki ni la mgongo na miguu. Ukilitoa dodoki usoni peke yake nusu ya matatizo yako yanaondoka, hili ntalisema mpaka nizeeke.

Alafu kuna wale wa "cha bei rahisi ni feki". Bei rahisi na feki ni vitu viwili. L'Oréal ndo wenye Lancôme na ndo wenye Maybelline na Garnier, na mwaka 2013 walinunua biashara ya vipodozi ya Interconsumer Products ya Kenya, wale wa Nice & Lovely mnayoiona kwenye kila duka la Mangi. Sisemi vyote viko sawa, kopo zuri na harufu nzuri zinalipiwa, ila kiambato ni kilekile, niasinamaidi ya madoa ni niasinamaidi na glisirini ni glisirini. Feki ni ile fandeshini ya kampuni kubwa inayouzwa robo ya bei barabarani, boksi halina namba ya toleo, maandishi yana makosa. Kuliko hiyo nunua orijino ya kampuni ndogo. Kama una hela ya kuongeza kwenye meikapu iweke kwenye fandeshini, sababu ni rangi tu, za bei ndogo nyingi zina rangi chache za watu weusi na unaishia na uso wa majivu shingo ya kahawia. Ijaribu kwenye taya, si mgongo wa mkono, na utoke nje ya duka uitazame kwenye mwanga wa jua. Poda, lipstiki, wanja wa penseli, nunua za bei ya chini tu bila wasiwasi.

Wanja wa manga je, si wa asili? Asili haimaanishi salama. Liwa na manjano mie mwenyewe napaka, sina ugomvi na bibi zetu, lakini wanja wa kusaga kuna ambao ni jiwe lenye madini ya risasi, na risasi inaingia mwilini. Msiwapake watoto wachanga machoni, hata kama bibi amekasirika. Tafuteni njia ya kumwambia kwa adabu.

Na maskara, kwa kuwa mmeniuliza sana: ikishafunguliwa miezi mitatu itupe, hata kama imebaki, hata kama uliletewa kutoka Dubai. Brashi inaingia jichoni inarudi kwenye giza na unyevu, bakteria wanataka nini tena? Kwa hiyo ya bei ndogo unayoitupa kwa wakati ni bora kuliko ya laki unayoionea huruma mwaka mzima. Ikikauka usiiongezee maji, na usimwazime shosti, wala yeye asikuazime, hata siku ya harusi.