Kitabu kilichoroa hakianikwi juani

Wakati wa masika, vitabu vya maktaba na vyuo vya Kurani Unguja na Pemba vikivujiwa na paa, wako wanaovianika juani, kwa imani kwamba jua huua kuvu. Jua hukausha, ndiyo, lakini vibaya: kingo za karatasi hutangulia kukauka kabla ya kati, kurasa zikajikunja na jalada likapinda. Karatasi hafifu hugeuka manjano na kukatika. Vijimbegu vya kuvu navyo huweza kubaki, vikingoja unyevu.

Kinachookoa kitabu ni upepo kivulini. Kisimamishe wima, kurasa zikiachana kidogo, na feni ivume chumbani bila kukielekea. Pachika tishu nyeupe kila baada ya kurasa 20 hivi, uzibadilishe zikiroa. Usijaze tishu nyingi mno, mgongo wa kitabu utapasuka. Anza ndani ya saa 48, kwani kuvu haichelewi. Vitabu vya kurasa zinazong'aa ndivyo vigumu zaidi: zikikauka zimeshikana, hazibanduki tena. Ukizidiwa na kazi, vitie kwenye mfuko, kisha kwenye friza. Miswada ya kale iliyoandikwa kwa wino wa masizi usiifute hata kidogo. Wino uliorowa hutoka na kitambaa.