Kwa nini ufahamu wa binadamu haukomei kwenye kile anachokiona?

Abiria aliyesimama ndani ya basi la mwendokasi asubuhi jijini Dar es Salaam, kutoka Kimara kwenda Kivukoni, mwili wake umebanwa pande zote, lakini ufahamu wake haukubanwa pamoja nao. Katika safari hiyo moja anaweza kumkumbuka marehemu mama yake, kupanga ada ya mtoto ya mwaka ujao, kujiuliza kama Mungu anaisikia dua ya mtu aliyesongwa na watu, kisha akashtuka kuona kituo chake kimefika. Je, wajua kwamba jambo hili la kawaida, la kuwapo hapa na papo hapo kuwa ng'ambo ya hapa, limewashughulisha wanafalsafa kwa zaidi ya miaka 2,000? Wanachouliza ni kama ufahamu wa mtu ni wa dunia hii tu, kama ilivyo mifupa na damu yake, au una upande unaoipita dunia.

Wanaosema kwamba ni wa dunia hii wana ushahidi mzito. Mgonjwa anayeingizwa chumba cha upasuaji pale Muhimbili hupewa nusukaputi, na kwa kiasi kidogo cha dawa mtu aliyekuwa akiogopa, akisali na kuwawaza watoto wake huacha kufahamu chochote mpaka dawa ipungue nguvu mwilini. Falsafa yoyote inayoupuuza ukweli huu haistahili kusikilizwa. Hata hivyo, kujua kwamba ufahamu unategemea ubongo si sawa na kujua ufahamu ni nini. Mwaka 1974 mwanafalsafa Thomas Nagel alieleza kwamba tunaweza kujua kila kitu kuhusu ubongo wa popo na namna anavyotumia mwangwi kutafuta njia gizani, na bado tusijue maisha hayo yanahisiwaje na popo mwenyewe. Pengo hilo lipo mpaka leo.

Jibu la zamani lilikuwa kumgawa mtu mara mbili, mwili kwa ardhi na roho kwa mbingu. Plato alifundisha hivyo huko Ugiriki, lakini hoja iliyo nzuri zaidi kwa maoni yangu ni ya Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyezaliwa karibu na Bukhara na kufariki mwaka 1037. Alimtaka msomaji afikirie mtu aliyeumbwa ghafla akiwa mzima, ananing'inia hewani, macho yake yamefunikwa, hakuna upepo unaomgusa, na viungo vyake vimetenganishwa ili visigusane. Mtu huyo hajui kwamba ana mikono wala moyo, na hajui kwamba kuna dunia. Je, atakuwa na shaka kwamba yeye mwenyewe yupo? Ibn Sina alijibu kwamba hatakuwa nayo, na kwa hiyo nafsi inayojijua bila kuujua mwili si mwili. Hoja hii ina uzito wake, ingawa ina ufa: mtu anaweza kukijua kitu bila kujua kimeundwa na nini, kama vile mtoto anavyoyajua maji miaka mingi kabla ya kufundishwa kemia. Ibn Sina mwenyewe aliitoa kama kidokezo cha kumwamsha msomaji, si kama uthibitisho wa kumaliza mjadala.

Ufa mwingine ulionyeshwa na Elisabeth, binti wa kifalme wa Bohemia aliyekuwa akiishi uhamishoni Uholanzi. Mwaka 1643 alimwandikia René Descartes, mtetezi mkubwa wa mgawanyo wa roho na mwili, akamwuliza roho isiyo na umbo wala mahali inawezaje kuusukuma mwili. Descartes alijibu kwa barua kadhaa, na hakuna hata moja iliyolimaliza swali hilo.

Hatua iliyobadilisha mjadala ilikuja pale wanafalsafa walipoacha kuuliza ufahamu umetengenezwa na nini, wakaanza kuuchunguza unavyofanya kazi. Edmund Husserl, aliyekuwa akifundisha Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, alisisitiza kwamba ufahamu daima ni ufahamu wa kitu fulani, na kwamba kitu hicho daima huzidi kile tunachopewa na macho. Msafiri anayevuka kwa pantoni kutoka Kigamboni huliona kanisa la Azania Front likimkabili upande mmoja tu. Macho yake hayajapokea ukuta wa nyuma, wala ndani ya kanisa, wala uzito wa mawe yake. Lakini yeye haoni kipande cha ukuta. Anaona kanisa zima, na pande zisizoonekana zimo katika kuona kwake, zikimsubiri azunguke azithibitishe. Hata akizunguka, upande wa mbele utatoweka. Hakuna jicho la binadamu linaloweza kulimaliza jengo lolote.

Wakati nao huonyesha jambo hilohilo. Mtu anayesikia adhana ya alfajiri ikitoka Kariakoo husikia sauti moja baada ya nyingine, na kila sauti ikishapita haipo tena. Kama ufahamu ungekuwa umefungiwa ndani ya nukta ya sasa, angesikia milio iliyokatikakatika, asisikie wito. Anausikia wito kwa sababu ufahamu bado unaishikilia sauti iliyokwisha kupita na tayari unaielekea ile inayokuja. Katika mihadhara yake ya mwaka 1905 Husserl alieleza hivyo kwa mfano wa muziki. Kwa hiyo kuipita nukta uliyopo si tukio la nadra linalowapata mawalii na watawa peke yao. Ndiyo namna ya kawaida ya kufahamu, hata kwa mtu anayenunua nyanya.

Hapa ndipo ugomvi unapoanza upya, kwa sababu kuipita nukta hakujasema bado tunakwenda wapi. Jean-Paul Sartre, mwanafalsafa wa Ufaransa ambaye hakumwamini Mungu, aliandika mwaka 1943 kuhusu mtu anayeingia mkahawani Paris kumtafuta rafiki yake Pierre na kumkosa. Meza na watu wote wapo, lakini kinachomjia kwanza ni kutokuwapo kwa Pierre. Kwa Sartre, ufahamu huvuka kila kilichopo kwa sababu wenyewe si kitu kilichokamilika, na ng'ambo ya kuvuka huko hakuna anayetusubiri. Miaka mingi kabla yake, mwaka 1781, mwanafalsafa wa Kijerumani Immanuel Kant alikuwa ametoa onyo kwa pande zote mbili. Akili, alisema, kwa asili yake huuliza maswali ambayo haiwezi kuyakataa wala kuyajibu, kuhusu Mungu, uhuru na roho kutokufa. Aliifananisha na njiwa anayehisi hewa ikimzuia, akadhani angeruka vizuri zaidi pasipo hewa kabisa. Namwona Kant mkweli hapa, kwa sababu hakuidharau hamu ya njiwa. Alikataa tu kuiita hamu hiyo maarifa.

Lakini tazama mifano yote hii: mtu wa Ibn Sina ananing'inia peke yake, Descartes katika maandishi yake anatafakari peke yake kando ya moto, na wa Sartre anatafuta rafiki asiyepatikana. John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alianza kwingine kabisa: mimi nipo kwa sababu sisi tupo. Kwake, hata marehemu wanaotajwa kwa majina bado ni sehemu ya jamii, na hilo si geni kwa mtu aliyewahi kukaa kwenye arobaini ya ndugu yake Temeke au Magomeni. Mwanafalsafa Paulin Hountondji wa Benin aliwakosoa wanaolibebesha bara zima fikra moja, kana kwamba Waafrika hawana watu wanaofikiri mmoja mmoja na kupingana. Ukosoaji huo ni wa haki. Hata hivyo haufuti jambo moja, kwamba mtoto hujifunza kusema "mimi" baada ya kuitwa na wengine, na kwamba ufahamu wa mtu mwingine ni kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Nauona uso wa jirani yangu, naisikia sauti yake, lakini maumivu yake siyapati kamwe kama anavyoyapata yeye. Emmanuel Levinas, mwanafalsafa aliyeandika Ufaransa mwaka 1961, alidai kwamba ni katika uso huo, kabla ya hoja yoyote kuhusu mbingu, ndipo mtu hukutana kwanza na kisicho na mwisho, na kwamba hukutana nacho kikiwa dai juu yake: usiniue, usiniache peke yangu. Kama Levinas yu sahihi, wanaoitafuta ng'ambo ya dunia kwa kuyafumba macho wameanzia mahali pagumu kuliko ilivyohitajika.