Karindula ni nini? Maelezo kwa anayeisikia mara ya kwanza

Karindula ni jina la ala, na pia ni jina la muziki unaopigwa kwa ala hiyo. Ala yenyewe ni banjo kubwa kupita kiasi: pipa la chuma la mafuta, ngozi ya mbuzi iliyowambwa mdomoni mwake, shingo ndefu ya mti na nyuzi nne. Muziki ni ule wa kikundi kizima kinacholizunguka pipa hilo: vibanjo vidogo, ngoma, waimbaji na wachezaji, wote nje, katika komini, yaani manispaa, za Lubumbashi, mji wa kusini mashariki mwa Kongo. Mtu wa Katuba, mojawapo ya komini hizo, akikuambia kesho kuko karindula kwa jirani, usifikirie jukwaa na tiketi. Fikiria parsele, kiwanja cha nyumba, iliyofagiwa, viti vya plastiki vya kukopa, na watoto waliofika kabla ya wanamuziki.

Watu wengi huitia karindula katika fungu la andagraundi, muziki wa chini. Lakini hapo inabidi tuelewane. Kwa vijana wa Dar es Salaam, msanii wa andagraundi ni yule ambaye bado hajatoka: ana nyimbo zake mfukoni, anasubiri redio, anasubiri meneja wa kumshika mkono. Karindula haisubiri mtu. Ni muziki uliokomaa, una mabingwa na mahasimu, una wafuasi wenye mvi, ila maisha yake yote yako mtaani na riziki yake inatoka kwa watu waliosimama mbele yake saa hiyo hiyo. Ukilishika hilo, mengine yote ya karindula utayaelewa, kuanzia urefu wa nyimbo hadi namna mashabiki wanavyojiendesha.

Tuanze na pipa. Lubumbashi ni mji wa chuma. Ulizaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, ukaitwa Elisabethville hadi 1966, na reli yake ya kwanza iliingia kutoka kusini, Rhodesia. Mji wa namna hiyo haukosi mapipa yaliyomaliza kazi, wala makopo, wala nyaya. Fundi wa karindula haendi dukani. Pipa analipata kwa wauza vyuma chakavu, ngozi kwa wachinja mbuzi, na hata mfuko mtupu wa maziwa ya unga una nafasi yake katika ala hii.

Chenye tabu ni ngozi. Msimu wa mvua, hewa ikijaa unyevu, ngozi inalegea na pipa linatoa sauti ya debe lililojazwa matambara. Dawa yake ni moto. Inaletwa mbabula, jiko letu la makala (mkaa), pipa linainamishwa kuelekea joto, na mpigaji anagonga ngozi kwa ncha ya kidole, anasikiliza, anaizungusha kidogo, anagonga tena. Akizidisha, ngozi inapasuka na shughuli imekufa. Shabiki mzoefu hapendi kuikosa hatua hii. Wageni wanaona ni uchelewaji, wanaanza kutazama simu zao. Wenyeji wamesogea karibu, wanabishana kama imekaza vya kutosha, na mzee mmoja lazima aseme kwamba zamani walikuwa wakiwamba vizuri zaidi.

Ikishakaza, pipa linashika sauti ya chini. Linarudia kifungu kifupi, kizito, ambacho unakisikia kifuani kabla ya masikioni. Juu yake vibanjo vidogo vinakimbia na kukatizana, ngoma inasukuma, mwimbaji anatupa mstari na wenzake wanaudaka. Usitegemee wimbo wa dakika tatu. Wimbo mmoja wa karindula unaweza kula dakika 20 na kuendelea, na hakuna anayeona ni mrefu, kwa sababu ndani yake mna vichekesho, mna mafumbo, mna matusi ya mzaha ambayo mama mkwe anajifanya hakuyasikia, mna mchezaji anayejirusha chini vumbini na kuinuka bado yuko ndani ya mapigo. Lugha ni Kiswahili chetu cha Lubumbashi, Kibemba, Kiluba, mara nyingi zote katika ubeti mmoja. Mambo yanayoimbwa ni ya nyumbani: deni, mwenye nyumba, wake wenza, dereva aliyepeleka lori mpakani Kasumbalesa na kusahau njia ya kurudi, mchimbaji aliyetoka migodini Kolwezi na feza (pesa) akaondoka bila.

Sasa feza, maana bila kuieleza feza hujaeleza karindula.

Muziki unaendelea. Baba mmoja anainuka kutoka kitini, taratibu, kama mtu anayekwenda kunyoosha miguu tu. Anacheza akimwelekea mwimbaji, ana noti ya franka 500 mkononi, anaizungusha hewani ili iangaliwe, kisha anambandika mwimbaji kwenye paji la uso lenye jasho. Mwimbaji anamtaja jina. Anamtaja na babake, na avenyu anayokaa, na kisha, hapo ndipo raha ilipo, anamchokoza: huyu ndiye tajiri wetu, mbona jana alikopa munkoyo, kinywaji cha mahindi? Watu wanaangua kicheko. Baba hana la kufanya ila kutoa noti nyingine ili atajwe vizuri. Jirani yake, aliyekuwa kimya, naye anaingiza mkono mfukoni. Kwa hiyo wimbo hauishi. Urefu wake unapimwa na mifuko ya watu, na mwimbaji hodari ni yule anayejua nani bado hajachokozwa.

Wapenzi wa muziki wa Kongo watasema hilo ni libanga, ile desturi ya kumtaja mwenye feza ndani ya wimbo. Ni ndugu yake, kweli. Lakini libanga la nyota wa Kinshasa hupangwa mapema, linarekodiwa, linalipiwa kwa dola, na anayetajwa anaweza kuwa Paris. Katika karindula jina linatajwa ukiwa umesimama hapo, mbele ya watu wanaokufahamu, na huwezi kununua sifa bila kukubali na kejeli yake. Waluba wana kasala, ushairi wa kumtaja mtu na ukoo wake hadi nywele zisimame. Mimi naona masikio ya mji huu yalishazoea kutajwa kwa namna hiyo, ndiyo maana watu hawatosheki kusikiliza tu. Wanataka kuingizwa ndani ya wimbo.

Kwa nini basi muziki wenye nguvu hivi ulibaki chini? Sababu moja ni ramani. Kutoka hapa hadi Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia, ni kama kilomita 90. Kutoka hapa hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500. Wakati wa Zaire, enzi ambazo Katanga yenyewe iliitwa Shaba, studio kubwa, viwanda vya santuri na redio ya taifa vilikuwa Kinshasa, na Kilingala ndicho kilichokuwa kikipanda juu. Aliyetaka jina alijifunza kuimba Kilingala au alivuka mpaka.

Si kwamba Katanga haikuwahi kusikika. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi muziki, alimkuta Mwenda Jean-Bosco huko Jadotville, mji tunaouita Likasi, akamrekodi akipiga gitaa kavu kwa vidole. Rekodi zile zilifika mbali, na gitaa la Mwenda, la Losta Abelo, la Edouard Masengo lilijulikana hadi Nairobi. Lakini gitaa linaingia kwenye chumba cha kurekodia na kukaa vizuri mbele ya kipaza sauti kimoja. Jaribu kuingiza pipa, watu kumi, na wateja wanaobandika noti.

Ng'ambo ya mpaka mambo yalikwenda kinyume. Wazambia nao wana ala ya jamii hii na wanaiita kalindula, kwa l. Miaka ya 1970 Rais Kenneth Kaunda aliagiza asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Zambia. Bendi za mjini zikageukia midundo ya vijijini, na kalindula ikawa jina la muziki wa gitaa za umeme, wa santuri na mashindano ya redio. Ilipanda, ikavaa viatu, na pipa likaachwa kijijini. Kwetu hakuna rais aliyetoa agizo kama hilo kwa ajili ya karindula, na pipa likabaki katikati ya uwanja. Nimewahi kubishana sana na Wazambia juu ya hili, wao wakisema sisi tumechelewa. Mimi nasema wao wamepoteza kitu kilichokuwa na ladha zaidi, na sijaona hoja ya kunitoa hapo.

Kuna na jambo la umeme. Wanaoishi Lubumbashi hawahitaji kuelezwa delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu. SNEL, shirika la umeme, wakikata, bar yenye spika kubwa inakuwa ukumbi wa mbu, na mwenye bar anaanza kuhesabu hasara ya bia zinazopata joto. Karindula haijui kama kumekatwa. Kazi ya Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, ilipoporomoka miaka ya 1990, na baadaye, mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipopewa kiinua mgongo na kuondolewa, watu waliokuwa na mshahara wa kuajiri okestra yenye gitaa tatu na ampli walipungua. Kikundi kinachokuja na pipa begani na kulipwa noti kwa noti kiliendana na mifuko ya wakati ule. Bado kinaendana.

Mara moja dunia ilichungulia. Mwaka 2011 Crammed Discs, kampuni ya Brussels, ilitoa diski pamoja na filamu ya vikundi vinne vya hapa: BBK, Bena Ngoma, Bena Simba na Bana Lupemba. Kazi hiyo ilisimamiwa na Vincent Kenis, Mbelgiji yule yule aliyekitoa kikundi cha Konono N°1 cha Kinshasa. Walifanya vizuri kwa kuweka na filamu, kwani sauti peke yake haikuonyeshi nani kainuka, nani kacheka, nani kaaibika. Lakini sikudanganyi: haikubadilisha sana maisha ya komini. Ulaya waliandika kwamba ni maajabu. Huku watu waliendelea kuuliza karindula ya Jumapili iko kwa nani. Rumba ilipotiwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2021, nchi nzima ilipongezana, nasi tukapongeza. Sijasikia mpenzi wa karindula aliyelalamika kwamba amesahaulika. Ana shughuli nyingine.

Shughuli hiyo ndiyo namna ya ushabiki ambayo mgeni huchelewa kuielewa. Shabiki wa karindula hana fulana ya kikundi wala picha ukutani. Anafuata. Anajua kikundi gani kimeitwa Ruashi wiki hii, mpigaji gani amegombana na wenzake akahamia kwa wapinzani, pipa gani limewambwa upya. Anabeba kiti chake. Akifika anasalimia wazee wa kikundi kwanza, "jambo yenu ba papa", na ikiwa mkono wake una kitu anakitoa mapema, kwa sababu atakayetoa wa kwanza ndiye anayewafungulia wengine. Kikundi kikichoka, yeye ndiye anayekimbia kutafuta maji. Wengine wanapigwa na wake zao maneno makali kwa kurudi bila feza ya bukari, ugali wetu, na wiki inayofuata utawasikia wakiimbwa kwa kosa hilo hilo, wakicheka na kutoa tena.

Vijana siku hizi wanarekodi kwa simu na kutumiana. Sina ugomvi nao, nami hutazama nikiwa mbali. Tatizo ni simu yenyewe: sauti ya chini ya pipa haiipati kabisa, inabakiza vibanjo na kelele, kwa hiyo aliyeanzia huko anadhani karindula ni muziki mwembamba wa kuchekesha. Wapo pia wanaoweka mapigo ya kinanda badala ya pipa na bado wanaita karindula. Waite wanavyotaka.

Ukitaka kuisikia, njoo msimu wa kiangazi, kuanzia Mei, mvua zikiwa zimekatika. Uliza kwenye bar ndogo za komini za Kenya (si nchi ya Kenya), Katuba au Kamalondo, siku za Jumamosi na Jumapili mchana. Muuza makala wa kwenye kona kwa kawaida anajua zaidi ya mwenye bar. Jioni za Juni ni baridi, chukua koti. Usivae viatu vyeupe, vumbi letu ni jekundu. Na vunja feza yako mapema iwe noti za 500 na 1,000, maana ukisimama mbele ya mwimbaji na noti moja kubwa ukaomba chenji, utaimbwa hadi jua lizame.