Lido: neno la ufukwe lililohamia bwawani

Nchini Uingereza, lido ni bwawa la umma la kuogelea lisilo na paa, lenye ukingo mpana wa kuotea jua na, mara nyingi, mkahawa pembeni. Hutamkwa "lido" au "laido". Sisi tunaosoma neno kama lilivyoandikwa tuko karibu zaidi na Waitaliano, ambao ndio wenyewe.

Kwa Kiitaliano, lido ni ufukwe, kutoka Kilatini litus. Hiyo Lido maarufu ni kisiwa chembamba cha urefu wa kilometa 11 hivi, kinachoikinga Venice na mawimbi ya Adriatic. Matajiri wa Ulaya walikuwa wakienda kuoga bahari huko tangu karne ya 19, na jina likaanza kunukia starehe.

Mwaka 1930 waziri George Lansbury alifungua sehemu ya kuogelea katika ziwa la Serpentine, London, wanaume na wanawake pamoja. Watu wakaiita Lido ya Lansbury. Halmashauri za miji zikalidaka jina, kwa sababu "lido" lilivutia kuliko "bafu la umma". Bwawa la Tooting Bec, London, lenye urefu wa meta 91, lilikuwepo tangu 1906 likiitwa ziwa la kuogea. Jina la lido lilikuja baadaye. Mabwawa ya Tinside mjini Plymouth na Jubilee mjini Penzance yalifunguliwa 1935.

Jua linalowavuta waogaji ndilo linalowatesa watunza bwawa. Mionzi yake huvunja klorini, dawa ya kuua vijidudu, na maji yasiyokingwa yanaweza kuishiwa nayo kwa saa chache tu. Dawa yake ni asidi ya sianuriki, inayoikinga klorini na jua, miligramu 30 hadi 50 kwa lita. Hapo ndipo wengi hukosea. Asidi hii haivukizwi na jua, na baadhi ya vidonge vya klorini tayari vinayo, hivyo kila kidonge huongeza nyingine. Ikizidi, kipimo kinaonyesha klorini ipo, lakini kazi yake imezorota: kingo zinaanza kuteleza, kona zisizo na mzunguko wa maji zinageuka kijani. Kuongeza klorini hakusaidii sana. Punguza maji, jaza mapya. Zile chemchemi za kwenye lido za zamani, ambazo maji yake hushuka ngazi kwa ngazi, nazo hazikuwa pambo tu, zilitia hewa kwenye maji yaliyotoka kuchujwa.

Kwetu, bwawa lisilo na paa ni bwawa la kuogelea basi, maana lenye paa ndilo la ajabu. Jina lenyewe lilifika Afrika Mashariki likiwa bado na mchanga: Liido ya Mogadishu ni ufukwe, na Lido ya Entebbe iko ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Kwa hiyo anayetafsiri aangalie kwanza maandishi yametoka wapi. Ya Kiingereza cha Uingereza, aandike "bwawa la wazi la umma". Ya Kiitaliano, "ufukwe", au ufukwe wa kulipia wenye miavuli na vitanda vya kukodi, ambao nao Waitaliano huuita lido.