Kwa nini moyo uliopandikizwa hupiga mbio hata mtu akiwa amepumzika?

Mshike mkono mtu mzima aliyetulia, uhesabu mapigo yake kwa dakika nzima. Mara nyingi utapata kati ya 60 na 80. Sasa mhesabie mtu aliyepandikizwa moyo wa marehemu. Amekaa kitini, hana homa wala hofu, lakini mapigo yake ni 90, au 100, pengine hata 110. Na moyo wenyewe ni mzima.

Huo ndio mwendo wake wa asili. Katika chemba ya juu, upande wa kulia, kuna kifungu kidogo cha seli zinazozalisha umeme zenyewe bila kungoja amri ya ubongo. Zikiachiwa, hupiga takribani mara 100 kwa dakika. Sisi wengine hatuendi kasi hiyo kwa sababu neva ya vagasi, inayoteremka shingoni kutoka kwenye ubongo, huzishikia breki usiku na mchana. Daktari anapoutoa moyo wa mchangiaji hana budi kuzikata nyuzi zote za neva. Mishipa ya damu ataishona, lakini nyuzi hizo hazishoneki. Kwa hiyo moyo huanza kazi katika kifua kipya bila breki.

Huwa hauna hata mtu wa kuuhimiza. Wewe ukianza kupanda ngazi, neva huamsha moyo papo hapo. Aliyepandikizwa hupanda na moyo wake ukibaki vilevile kwa dakika kadhaa, mpaka adrenalini itokayo kwenye tezi zilizo juu ya figo iufikie kwa njia ya damu. Akisimama, moyo huendelea kukimbia hadi homoni hiyo ipungue. Ndiyo maana hufundishwa kuupasha mwili taratibu kabla ya mazoezi, na kutokatiza ghafla.

Zamani kasi hii haikumshughulisha mtu. Daktari Christiaan Barnard alipompandikiza Louis Washkansky moyo katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, tarehe 3 Desemba 1967, mgonjwa aliishi siku 18, akafa kwa nimonia. Nani angehangaikia mapigo? Lakini dawa za kutuliza kinga ya mwili, ili isiukatae moyo mgeni, zimeboreka, hasa tangu siklosporini ilipoanza kutumika miaka ya 1980, na leo zaidi ya nusu ya waliopandikizwa hupita miaka 10. John McCafferty, aliyepandikizwa Harefield, Uingereza, mwaka 1982, aliishi na moyo ule miaka 33.

Kwa muda mrefu namna hiyo, kasi huwa na uzito. Mapigo 70 kwa dakika ni 100,800 kwa siku. Mapigo 100 ni 144,000. Tena misuli ya moyo hupata sehemu kubwa ya damu yake pale unapolegea kati ya pigo na pigo, na kadiri unavyoharakisha ndivyo nafasi hiyo inavyopungua. Tafiti kadhaa zilizofuatilia wagonjwa kwa miaka zimeona kwamba wenye mapigo ya juu zaidi wakiwa wamepumzika hufa mapema kuliko wenye mapigo ya chini.

Hapa nakuomba usikimbilie kuitia kasi hatiani. Moyo unaokataliwa na mwili nao huweza kukimbia. Maambukizi na upungufu wa damu vilevile. Kasi inaweza kuwa kengele, si moto wenyewe. Kuipunguza nako kuna gharama. Dawa aina ya beta-bloka huizuia adrenalini, na adrenalini ndiyo tegemeo la moyo huu wakati wa jasho. Madaktari wengine hutumia ivabradini, inayozipunguza kasi zile seli za umeme bila kugusa adrenalini. Atropini, dawa ya kawaida ya kuharakisha moyo uliozembea, haifui dafu hapa: kazi yake ni kuifungua breki ya vagasi, na breki hiyo haipo.

Neva zikikatwa, maumivu nayo hukatika. Mishipa inayoulisha moyo huo ikiziba, mwenyewe huenda asihisi chochote kifuani, kwa hiyo madaktari huichunguza mara kwa mara hata kama halalamiki. Lakini kwa baadhi ya watu, baada ya mwaka mmoja au zaidi, nyuzi chache huota tena, zikatambaa hadi kwenye moyo. Mapigo yakaanza kufuata mwendo wa mwili upesi zaidi. Na kuna wachache ambao, miaka kadhaa baada ya upasuaji, wamekuja kliniki wakilalamika kwamba kifua kinabana.