Kutafuta mwelekeo kwa safu ya antena: fezi kwanza, hesabu baadaye

Tuseme unatafuta rimoti inayorusha kwenye megahezi 433.92. Urefu wa wimbi hapo ni sentimita 69 hivi, kwa hiyo antena nne zipange kwenye mstari, kila moja sentimita 34.5 kutoka kwa jirani yake, yaani nusu wimbi. Pembe hupimwa kuanzia mbele, kwenye mstari unaoikata safu kwa nyuzi 90.

Kwa nafasi hiyo, fezi (yaani wimbi limefika wapi katika mzunguko wake wa nyuzi 360) kati ya antena jirani hutofautiana kwa nyuzi 180 mara sine ya pembe. Rimoti ikiwa nyuzi 30, sine ni 0.5, basi fezi huchelewa hivi: 0, 90, 180, 270. Orodha hiyo, ikiandikwa kwa namba changamano, ndiyo vekta ya uelekezo ya nyuzi 30. Programu hutengeneza vekta kwa kila pembe, kutoka −90 hadi 90, kisha hutazama ni ipi inayolandana na kilichopokelewa; pembe hiyo huonekana kama kilele kwenye grafu.

Ukizitanua antena hadi sentimita 46 ili upate kilele chembamba, mrushaji aliye nyuzi 60 atajitokeza pia karibu na −39, kwa nguvu ileile. Hakuna hesabu itakayokutofautishia vilele hivyo viwili.

Makosa mengi, hata hivyo, yako kwenye kebo. Ndani ya RG-58, aina ya kebo ya antena, wimbi husafiri kwa asilimia 66 ya mwendo wa mwanga, hivyo sentimita moja ya ziada huleta nyuzi 8 za fezi. Kwa antena mbili, jibu la mrushaji aliye mbele kabisa (nyuzi 0) litakosea nyuzi 2.5, kwenye nyuzi 60 litakosea 5. Kata kebo zote sawa, risiva zote zitumie saa ileile ya kuongozea mapigo, halafu ingiza kelele ya chanzo kimoja kwenye njia zote kupitia kigawanyi, upime tofauti na kuzifuta. Rudia kila unapowasha mitambo au kubadili masafa.

Wengi hukimbilia MUSIC, mbinu ya hesabu inayotafuta pembe kwa kutenganisha ishara na kelele, kwa sababu kilele chake ni kikali. Ukali si usahihi: fezi zikiwa mbovu, hukuonyesha upande usio sahihi kwa madaha. Tena mwangwi wa ukuta wa bati huivuruga, maana ni nakala ya wimbi lilelile. Hapo gawa safu katika vikundi vya antena tatu tatu vinavyopishana, uchukue wastani wa matriksi za vikundi hivyo, yaani majedwali yanayolinganisha ishara za kila jozi ya antena.

Mbele na nyuma safu ya mstari haivitofautishi. Izungushe nyuzi 40 na upime tena; ukigeuza vipimo vyote kuwa uelekeo wa dira, jibu la kweli halihami.